Chungu Ambacho Sikukivunja

Mdogo wangu alipigwa fimbo moja tu. Watu nikiwaambia hivyo hawaniamini, kwa sababu wanapenda mauaji yawe na ugomvi mrefu wa kusimuliwa mpaka ugali upoe. Haikuwa hivyo. Ng'ombe wa jirani waliingia kwenye mtama wetu asubuhi, mtama umeshatoa masuke na umebakiza kukauka tu, na mdogo wangu akawakimbilia na jembe. Alikata dume moja mguu wa nyuma. Jirani akatokea upande wa pili wa shamba, akaliona dume lake limepiga magoti linalia, akanyanyua fimbo ya mpingo aliyokuwa akitembea nayo kila siku, hata kanisani, akampiga mdogo wangu juu ya sikio. Basi. Dume lilikufa jioni. Mdogo wangu alilitangulia, akafa juu ya bodaboda, katikati yangu na dereva, tukimpeleka zahanati. Nilikuwa nimemkumbatia kwa nyuma. Nilihisi kichwa chake kikilala mgongoni mwa dereva, nikadhani amepata nafuu na amesinzia, nikamwambia dereva apunguze mwendo asije akamwamsha.

Sisi ni watu wa upande wa Kintinku. Tunalima mtama na uwele, na tunafuga, wote, kwa hiyo ile habari ya wakulima na wafugaji inayotangazwa redioni haituhusu. Jirani alikuwa analima na kufuga kama sisi. Mashamba yetu yalitenganishwa na mstari wa minyaa ambao baba yake na baba yangu waliupanda pamoja. Tulisali kanisa moja. Mkewe alikuwa anaimba sauti ya kwanza na mimi ya pili, na nikichelewa kuingia kwenye kiitikio alikuwa ananikanyaga mguu chini ya joho. Nayaeleza haya ili ijulikane kwamba hatukuuliwa na mgeni.

Mdogo wangu nilimlea mimi. Mama yetu alifariki wakati yeye bado anatambaa, nikambeba mgongoni nami mwenyewe ni msichana ambaye hajavunja ungo. Nilipoolewa nilikwenda naye kwa mume. Mume alipokwenda machimboni na kusahau njia ya kurudi, nilirudi naye nyumbani. Alipooa yeye, nilijenga chumba changu ubavuni mwa nyumba yake, tukawa watu watatu wa chungu kimoja: mimi, yeye na wifi yangu, maana Mungu alikuwa hajawajalia mtoto. Chungu chenyewe kilikuwa changu, cha kupikia mlenda, alichoniachia mama. Mdogo wangu alikua kwa chungu hicho.

Vijana wa ukoo hawakusubiri azikwe. Maiti ilipofika tu, kabla hata sijamaliza kumfuta damu sikioni, nikawasikia wanapita nje kwa vishindo. Nyumba ya jirani ilikuwa tembe, na tembe haliungui kirahisi kwa sababu paa lake ni udongo. Walirusha matambara yaliyolowekwa petroli ya pikipiki, yakawaka kidogo na kuzimika, na hilo likawatia wazimu zaidi. Ikabidi walibomoe kwa mashoka na majembe, boriti moja baada ya nyingine, kazi ya fundi kabisa, jasho linawatiririka. Mmoja aliomba maji ya kunywa katikati ya kazi na akaletewa. Wengine waliingia zizini wakawakata ng'ombe miguu ya nyuma, kama lile dume, wakawaacha wajiburute.

Mimi nilikwenda na mchi. Nilikikuta kilindo chao, lile pipa la magome la kuwekea nafaka, nikalipiga mpaka likapasuka na uwele ukanimwagikia miguuni. Niliukanyaga uwele ule kwa visigino kwenye kinyesi cha ng'ombe, chakula cha watu cha mwaka mzima, na nilikuwa napiga kelele kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo. Jirani mwenyewe alikuwa ameshajipeleka polisi. Angekuwepo wangemtafuna. Mkewe na watoto na mama yake mzee walikimbilia kanisani, na mwinjilisti wetu akawafungia katika kile chumba cha nyuma ya madhabahu tunamotunza majoho ya kwaya. Vijana walifika mpaka mlangoni na mashoka yao. Mwinjilisti alisimama pale ameegemeza mgongo mlangoni, na kila mtu aliona kwamba anaogopa. Sijui ni nini kiliwarudisha. Labda walikuwa wamechoka kwa kubomoa.

Tulimzika. Alfajiri iliyofuata, jirani akiwa mahabusu, mkewe alitoroka na watoto na yule mama mzee kwenda kwao, njia ya Manyoni, na mvua ikaanza kubomoa kilichobaki cha tembe lao. Watu wakasema sasa mambo yametulia.

Kwangu hayakutulia. Usingizi ulinikimbia. Nikifumba macho naiona fimbo inanyanyuliwa, nikiyafumbua naisikia inatua. Mchana nilikuwa kama mtu aliyekunywa gongo. Kisimani nilimpiga mwanamke mmoja na ndoo kwa sababu aliniambia pole huku akitabasamu, kumbe maskini ndivyo meno yake yalivyokaa. Mbuzi wakinisikia nakuja walikuwa wanakimbia. Nilishindwa kula, kisha nikashindwa kuacha kula. Mikono yangu ilikuwa inataka kitu cha kuvunja muda wote, na hata nikichambua mboga nilikuwa nazichana vipande.

Niliomba, ndiyo. Lakini maombi yangu usingependa mtoto ayasikie. Nilimwomba Bwana amwozeshe yule mtu mkono wa kulia akiwa hai na anautazama. Nilimwomba ampe uzee mrefu usio na mtu wa kumpa maji. Nilikuwa napiga magoti na kusema vitu hivyo kwa mpangilio mzuri, kwa jina la Yesu, na nikimaliza nasema amina. Hakuna aliyeniambia kwamba nakosea, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananisikia, na yeye niliyekuwa nikimwomba alinyamaza.

Mwinjilisti alikuja kunifariji. Ni kijana wa Iramba, mpole, aliyeletwa kwetu akiwa hajaota ndevu vizuri. Akanisomea, akafunga kitabu, akasema kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa nasonga ugali. Nilimpiga na mwiko kifuani, ugali wa moto ukamganda kwenye shati, nikamwambia aondoke na Mungu wake anayependa kuona watu wakipasuliwa vichwa. Akaondoka. Baadaye alikuja kuniambia kwamba neno lile alikuwa amelisikia kwa wakubwa zake, na tangu siku ile hajalitamka tena msibani.

Matanga yalipokwisha, baba mkubwa akaja.

Ni kaka yake baba, na ndiye aliyebaki kuwa mkubwa wa ukoo. Ni mzee wa kanisa pia, hukaa benchi la mbele na hupitisha sinia la sadaka. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akasema kwamba wakati wa kuvunja chungu umefika. Nilijua ananiambia nini. Kwetu damu ikimwagika na waliomwaga hawajaja kuinama na kuomba radhi, ukoo unatafuta chungu kilichomlisha marehemu utotoni, na masizi yake bila kuoshwa. Anakishika mwanamke aliyempikia. Anasimama palipomwagika damu, anawataja watu wa nyumba ya muuaji mmoja mmoja, kila anayekula chakula cha moto mmoja naye, mpaka wa mwisho, kisha anakipiga chini. Baada ya hapo waliotajwa huanza kupukutika. Mtu haachwi hata mmoja, kwa sababu ukimruka mmoja laana inamrudia aliyekivunja.

Kama ni kweli sijui. Zipo nyumba watu husema zilivunjiwa chungu, na leo zinakaliwa na mijusi. Huenda ni magonjwa, huenda ni njaa. Nilibatizwa mtoto, nikaimba kwaya maisha yangu yote, na bado ungeniuliza siku ile ninaogopa nini zaidi duniani, ningekuambia chungu. Ndiyo maana nilikitaka. Baba mkubwa alikuwa amejiandaa kunishawishi, alikuja na maneno yake kwamba kanisa ni la Jumapili na damu ni ya siku zote, lakini nilikubali kabla hajayafikia. Nilisikia furaha, ya kwanza tangu msiba. Ilinipanda kutoka tumboni na kunifanya nicheke. Wifi yangu alikuwa amekaa pembeni na macho makavu. Alikuwa hajalia tangu mumewe afe, hata udongo ulipokuwa unadondoka juu ya jeneza hakulia. Aliposikia nacheka alinyanyua uso, akaniambia asante.

Tulikwenda jua likiwa bado kali. Wanaume wa ukoo walisimama upande wetu wa minyaa, kofia mkononi, kama watu waliokuja kwenye ibada. Wifi alikuwa amepafagia mahali penyewe, katikati ya mabua ya mtama ambao hatukuwahi kuuvuna. Nilishika chungu kwa mikono miwili. Masizi yalinipaka mpaka kwenye viwiko.

Nilianza na yeye mwenyewe. Nilitaja jina lake lote, na la baba yake, na nilihisi utamu wa kulitaja. Nikamtaja mama yake mzee, anayetembea kwa kuburuta mguu. Nikamtaja mkewe. Hapo nilisita kidogo kwa sababu ya ule mguu aliokuwa akinikanyaga nao kwenye kwaya, kisha nikakaza meno nikaendelea. Nikawataja watoto wake kwa kufuatana, na kila jina baba mkubwa alikuwa anaitikia kwa kugonga fimbo yake chini. Nikafika kwa kitinda mimba.

Ni msichana. Alipobatizwa mimi ndiye niliyembeba. Mke wa jirani aliniomba niwe mama wa ubatizo, na nilikubali kwa maringo, nikashona na gauni. Kanisani kwetu mchungaji haambiwi jina la mtoto na mzazi. Anamwangalia aliyembeba na kusema, mtaje mtoto huyu. Na mama wa ubatizo ndiye anayelitamka, kwa sauti, watu wote wasikie, kisha maji yanamwagwa. Kwa hiyo jina la mtoto yule lilipotajwa mbele za Mungu kwa mara ya kwanza, lilipita katika kinywa changu.

Lilinijia mpaka kwenye meno likakataa kutoka. Nilijaribu. Nisije nikaonekana mwema, nilijaribu kweli, nilimfikiria mdogo wangu na kichwa chake mgongoni mwa dereva, nikafungua mdomo tena. Ikatoka pumzi tu.

"Bado mmoja," alisema baba mkubwa. "Mtaje."

"Huyo nilishamtaja."

"Hujamtaja. Nawahesabu wote hapa."

"Nilimtaja kwenye maji, baba. Siwezi kumtaja tena kwa jambo hili."

Akaniambia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba, kwamba nikimwacha huyo mmoja siwezi kuwavunjia wengine, na nisipovunja damu ya ndugu yangu itakauka bure. Nilimjibu kwamba najua. Niliinama nikakiweka chungu chini, taratibu, kisije kikapata hata ufa. Nilipokuwa bado nimeinama ndipo aliponipiga.

Alinipiga na ile fimbo aliyokuwa anagongea majina. Ya kwanza ilitua mgongoni, ya pili nikaikinga kwa mkono wa kushoto, na nikasikia mfupa wa kiwiko ukilia kama kuni kavu. Nikaanguka juu ya mabua. Binamu yangu mmoja, niliyewahi kumuuguza surua, alinipiga teke la ubavu, na mwingine akanitemea mate usoni. Walikuwa wanasema nimeuza damu. Nilikizungushia chungu miguu yangu, sijui kwa nini, labda kwa sababu kilikuwa cha mama. Baba mkubwa alipiga mpaka akaanza kukohoa. Wifi alisimama pale pale alipokuwa na ufagio wake mkononi, hakunigusa, na wanaume walipoondoka yeye aliwafuata. Nilinyanyuka peke yangu, nikachukua chungu kwa mkono mzima, nikarudi nyumbani kwa kusimama simama.

Ningependa niandike kwamba amani iliniingia pale pale, kwa sababu nilikuwa nimefanya jambo jema. Haikuniingia. Niliumwa mwili mzima, usingizi ukawa ule ule haupo, na sasa ikaongezeka aibu. Nilijiona msaliti. Ndugu waliacha kunisalimia. Nikipita na shikamoo zangu wazee walikuwa wanageukia upande mwingine, na shikamoo isiyoitikiwa ni kofi. Kanisani baba mkubwa aliendelea kupitisha sinia, na likifika kwenye benchi langu analirusha mbele. Mchungaji alipokuja kutoa Meza ya Bwana sikwenda. Nilikaa na mkono wangu umefungwa na kuning'inizwa shingoni kwa kanga, nikiwatazama walionipiga wakipiga magoti na kufungua midomo, na nilitamani mkate uwakwame.

Wifi akaacha kula na mimi. Alinunua sufuria yake, akawa anapika nje upande wa pili wa nyumba, na maji machafu anayamwaga pale ninapopita. Tulikuwa watu wawili tuliobaki wa mtu mmoja, tunaishi kwenye ukuta mmoja, na tulikuwa tunachukiana mpaka kuku wakawa wanajua ni wa nani. Nilimsikia usiku hajalala. Naye bila shaka alinisikia.

Siku moja mchana nilikuwa nimekaa kizingitini nikichambua majani ya mlenda kwa mkono mmoja. Wifi akanivuka. Hakuniomba njia, alinivuka kama gogo, akaingia ndani hadi jikoni, akatoka ameshika chungu. Akasimama mbele yangu, jua likiwa nyuma yake, na nikaona kwamba amekishika jinsi nilivyokishika mimi siku ile.

"Nyumba ya jirani imekimbia," aliniambia. "Yeye mwenyewe analishwa na serikali. Mimi nimebakiwa na wewe tu."

Akanitaja. Alilitaja jina langu la ubatizo, na jina langu la ukoo, na lile jina la utoto ambalo mdogo wangu pekee ndiye aliyekuwa akiniita nalo, na sikujua kwamba mumewe alikuwa amemwambia. Akasema nilimlea mumewe, nikala jasho lake, nikaiacha damu yake, basi na nimfuate. Kisha akakipiga chungu chini kwenye kizingiti kwa nguvu zake zote. Vigae viliruka, kimoja kikanichana muundi, damu ikashuka mpaka kwenye majani.

Niliogopa. Sitaki kusema vinginevyo. Haja ndogo ilinitoka pale nilipokaa, na masikio yangu yakawa yanavuma. Kwaya yote ile, miaka yote ile, na bado chungu kilipovunjika nilijua moyoni mwangu kwamba nimekufa. Halafu woga ukageuka. Nilisimama, nikamkamata wifi shingoni kwa mkono wangu mzima, nikambana ukutani. Ni mwembamba, nami nimezoea kutwanga. Kidole gumba changu kiliingia chini ya koo lake na nikahisi mshipa wake unaruka. Nilibana. Hakuinua mkono. Aliniangalia tu, macho yake makavu yakiwa karibu kabisa na yangu, na nikaelewa kwamba anasubiri. Alikuwa amekuja kwangu ili mmoja wetu afe, na hakujali sana ni yupi.

Maneno yaliyonitoka sikuyapanga. Mimi si mhubiri, nikisimamishwa kutoa ushuhuda hutokwa na jasho. Lakini katika darasa la ubatizo, tulipokuwa watoto tumekaa kwenye sakafu ya udongo, tulifundishwa kwamba pale msalabani Bwana alibeba laana ya watu wote. Tuliimba jambo hilo kila Ijumaa Kuu, na mimi niliimba sauti ya pili, na nilikuwa nikifikiria zaidi mguu wangu usikanyagwe. Sikuwahi kuhitaji liwe kweli. Siku ile, na vigae chini ya nyayo zangu na shingo ya mtu mkononi mwangu, sikuwa na mahali pengine pa kukanyaga.

"Acha iniangukie, wifi," nilimwambia. "Mimi nimebatizwa kwake yeye aliyeangukiwa na laana zote, na alikufa kweli, hakuigiza. Hii yako ikija itamkuta yeye kwanza."

Na nilipoyasema nikasikia kwamba nayaamini. Sijui nieleze vipi. Mkono wangu ukalegea shingoni mwake wenyewe, nami sikuuagiza. Kile kitu kilichokuwa kinataka kuvunja, kilichokaa kwenye mikono yangu tangu kwenye bodaboda, kiliondoka. Nilikitafuta, nikijaribu kumfikiria jirani na fimbo yake, nikamwona, na niliumia, lakini nilimwona kama mtu aliyesimama mahali pale pale niliposimama mimi, chini ya Bwana yule yule, na laana yangu kwake ilikuwa imeshapokelewa na mwingine. Hakukuwa na kazi iliyobaki kwa ajili yangu. Siku hizi jirani ameshahukumiwa, na ninamwombea gerezani aliko, siku nyingine kwa moyo, siku nyingine nimekaza taya na nataka kuondoka kwenye magoti. Lakini ile hamu ya kumwozesha haijarudi, na sijaificha mahali.

Wifi alikimbia akishika koo. Mimi sikufagia vigae, wala sikufunga kidonda. Nilivua kanga iliyolowa, nikajifunga nyingine, nikaingia ndani, nikajilaza kwenye mkeka, juu ya ubavu wa mkono ulio mzima. Nilimwambia Mungu neno moja tu, kwamba nimechoka, na hata amina sikuifikia.

Kitu kilikuwa kinanitekenya puani. Nilifumbua macho. Mwanga uliokuwa unaingia mlangoni ulikuwa umehamia ukuta mwingine kabisa, na wifi yangu alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka, ameinama, ameshika unyoya wa kuku mbele ya pua yangu. Alikuwa anautazama kama unatikisika. Shingoni mwake alama za vidole vyangu zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

"Nilidhani umekufa," alisema.

"Bado."

"Umelala muda wote huo. Unakoroma vibaya sana."

"Mumeo alikuwa anakoroma zaidi."

Alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikakatika katikati, na kilichofuata kilikuwa kile kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi wala baada yake. Alilia kwa Kigogo, akimwita mumewe kwa majina ambayo mke huyasema chumbani. Alilia mpaka akatapika mlangoni, juu ya vigae, akarudi akaendelea. Sikumwambia anyamaze, wala sikumsomea chochote. Nilimshika mguu, ndio uliokuwa karibu.

Sauti ilipomwishia alibaki amekaa, akijifuta pua kwa kiganja, ule unyoya bado umenasa kwenye vidole vyake. Akaniuliza kama bado nimemkasirikia. Nikamwambia ndiyo, kidogo. Akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia sasa hivi hapana. Akaubandua ule unyoya vidoleni.

"Wifi, sogea," alisema. "Na mimi nataka kulala."

Nikasogea. Alijilaza akanipa mgongo, na nikauweka mkono wangu uliovunjika juu ya bega lake, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuuweka.